Kimya cha Sekunde Arobaini na Moja

Saa ya ukutani ilisimama tena, na kwa mara ya nne asubuhi ile Inspekta Gudveig Rossland aliinua kidole.

"Hapo. Rudisha."

Profesa Ottar Seljestad, mkuu wa hifadhi ya kanda na maandishi ya zamani, alirudisha. Alikuwa amechoka na alitaka kahawa, lakini alilelewa vizuri, kwa hiyo alirudisha bila kuguna. Kwenye vipaza sauti ikaja sebule ya marehemu Ragnfrid Sandvoll kama ilivyokuwa Jumapili jioni ya tarehe kumi na mbili Februari 1989. Kuni zilipasuka kwenye jiko, kiti kikaburutwa, na juu ya yote ikasikika saa ya ukutani, tiki, tiki, tiki, maana marehemu alikuwa na mtindo wa kutundika maikrofoni chini ya saa. Simu ikainuliwa. Halafu pakawa hakuna kitu, mvumo mtupu, sekunde arobaini na moja. Halafu simu ikarudishwa mahali pake na saa ikaendelea na safari yake.

"Kwenye ukurasa wenu mmeandika nini hapa?" aliuliza Gudveig.

"Kimya. Sekunde arobaini na moja."

"Na kimya kwenu ni kitu gani?"

Ottar alimtazama kama mtu aliyeulizwa maji ni nini. Akaeleza, kwa sauti ya darasani, kwamba kimya ni pale watu wapo chumbani na hawasemi. Kama kitu kilisemwa kikapotea, kanda imekatika au imemwagikiwa kitu, hilo si kimya tena, ni pengo, na alama yake ni nyingine kabisa. Mwanafunzi akichanganya kimya na pengo mbele ya Ottar, hachanganyi mara ya pili.

"Sawa. Watu wakinyamaza, saa nayo inanyamaza?"

Miaka kumi na tisa Ottar alikuwa akisimamia watu wanaofunga kila pumzi ya kanda za watu ndani ya alama, na jambo dogo namna hiyo ameonyeshwa na polisi mwenye goti bovu na koti linalochuruzika mvua kwenye zulia lake. Alivua miwani akaifuta. Gudveig hakumcheka, ingawa alitamani.

"Kanda imefutwa," alisema Ottar taratibu.

"Imefutwa. Na aliyeifuta, au mwenzake, akaandika kimya ili msiulize. Sasa nipe kahawa hiyo."

Kahawa ililetwa na Audun Vangsnes, na hapo ndipo kesi hii ilipomuuma Gudveig. Audun alikuwa mtu wa miaka arobaini na tisa, mrefu, mpole, mwenye mabega ya kuinama, mfanyakazi hodari kuliko wote pale kwenye hifadhi. Ingelin, binti aliyepotea Jumapili ile ya 1989, alikuwa dada yake. Alikuwa na miaka kumi na saba Jumapili ile alipogombana na mama yao, akatia nguo kwenye begi, akapanda basi kuzunguka ziwa Langvatn mpaka kwa Ragnfrid Sandvoll, msanii aliyeishi ng'ambo ya pili, mwanamke aliyerekodi nyumba yake mwenyewe miaka ishirini mfululizo na hakusikiliza hata kanda moja. Ingelin alinywa chai. Ragnfrid alipokwenda ghalani kuchukua kuni alimwacha akiwa na simu mkononi. Aliporudi hakumkuta, na hakuna aliyemwona tena binti yule mpaka leo.

Polisi wa wakati ule walikuta tiketi ya treni ya kwenda Oslo kwenye begi lililoachwa. Wakahitimisha kwamba mtoto kapigia rafiki, kachukuliwa na gari, katoroka. Ziwa lililokuwa limeganda barafu kati ya nyumba hizo mbili hawakuligusa. Nani angevuka ziwa kwenda kwenye nyumba aliyoikimbia? Faili la zamani, ambalo Gudveig alikuwa amelisoma mpaka kurasa zikaanza kuachia, lilisema nyumbani kwa akina Vangsnes jioni ile simu ililia mara moja tu, aliyepiga alikosea namba.

Ragnfrid alipofariki, makasha yake yaliletwa Bergen: kanda, filamu, madaftari, hata vipande vya karatasi ya ukutani alivyochora. Hifadhi ikaanza kuviunganisha viwe kazi moja, msomaji akigusa neno kwenye daftari asikie sauti yake na kuona picha yake. Wiki mbili zilizopita likapatikana daftari dogo ndani ya mfuko wa aproni. Lilikuwa na mstari mmoja wa maana: Kanda ya 14, Jumapili, Ingelin kwenye simu, mimi ghalani.

Ottar, kwa furaha yake, alikimbilia kumpigia Mama Borghild Vangsnes, mwenye miaka themanini na miwili, kwenye nyumba ya wazee. Jumatano akaletwa kwa teksi, amevaa gauni la kanisani. Akakaa kwenye kiti kilekile alichokalia Gudveig sasa, mwanawe amemshika mkono, akasikiliza kuni, kiti, saa, simu, na mvumo. Ilipoisha aliuliza kama kuna zaidi. Akaambiwa hakuna. Ndipo akasema neno ambalo Ottar alilirudia kwa Gudveig huku akitazama pembeni: kwamba yeye hakutaka kujua alikokwenda, alitaka kusikia tu kama mtoto aliondoka bado anamchukia.

Gudveig alimshukuru Audun kwa kahawa. Audun alisema karibu, akauliza kama wamepata lolote, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza hali ya mgonjwa. Gudveig akamjibu bado, akamsikitikia.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa Torkjell Sandvoll, mpwa wa marehemu, aliyetoa makasha yale. Kitabu cha wageni kilionyesha alikuwepo Jumanne, siku moja kabla ya Mama Borghild, na alikaa saa mbili nzima. Alikuwa ameshawahi kusema mbele za watu kwamba hataki jina la shangazi yake litiwe tena midomoni. Gudveig alimfuata kwenye duka lake la rangi na misumari kule Åsane, akamkuta anakula mkate wake wa jibini ya kahawia juu ya kaunta, karatasi ameitandika kama kitambaa cha meza.

Torkjell alikiri kufika. Alileta kasha la mwisho, akakaa kuangalia filamu ya mbwa wa shangazi yake. Gudveig alipomuuliza juu ya kanda ya kumi na nne, aliweka mkate chini.

"Unajua watu wa kule walimwitaje shangazi yangu? Mwizi wa watoto. Miaka thelathini na sita. Wakipita kwake wanawashika watoto mikono. Walisema ndiye aliyempeleka yule binti kwenye meli ya Denmark." Alifuta makombo kwa kiganja. "Halafu inapatikana kanda ya kumsafisha, mimi niifute? Dada, mimi nilivaa tai siku hiyo. Nilidhani nitasikia na mimi."

Tai yenyewe Gudveig alikuja kuiona kwenye picha ya kamera ya mlangoni, nyekundu, imefungwa vibaya. Mfanyakazi aliyemwonyesha filamu akathibitisha kwamba mzee hakubanduka kwenye kiti na mashine ya kanda hakujua hata inawashwa wapi. Kufuta sekunde arobaini na moja tu kwenye kanda ya zamani, na kuacha kishindo cha simu huku na huku bila kukigusa, ni kazi ya mikono iliyozoea. Gudveig alimfuta Torkjell kwenye orodha yake, akabaki na watu wa ndani.

Alirudi kwa Ottar, akamkalisha.

"Chini ya ule ukurasa wa kimya kuna herufi mbili, O na S. Ni wewe huyo?"

"Ni mimi," alisema Ottar, na masikio yakamwiva. "Kila faili napitisha mimi. Ijumaa."

"Ulilisoma hilo?"

Hakulisoma. Alikiri kwamba Ijumaa hupitisha mafaili arobaini kwa mkupuo, kompyuta ikishasema yako safi. Gudveig alimwambia anasaini kama mtu wa posta anayegonga mihuri, na Ottar akakubali kwa kichwa. Alipoulizwa matoleo ya nyuma ya faili yanapatikana wapi, alisema yako idara ya kompyuta, ombi linajibiwa baada ya siku kumi za kazi. Nakala za sauti? Sauti mpya hupelekwa ghala kuu mwisho wa robo mwaka, na robo mwaka ilikuwa haijaisha. Kila mlango ulikuwa umefungwa kwa adabu.

"Basi nichapie," alisema Gudveig.

"Ukurasa?"

"Ukurasa nimeusoma. Nataka kile kilicho chini yake. Kile mnachoandika nyie wenyewe."

Ottar alimweleza kwamba kile hakisomwi na watu, ni cha mashine, kimejaa mabano ya pembe na namba. Gudveig akasema amesoma maelezo ya madereva walevi kwa miaka ishirini na tano, mabano hayatamuua. Yeye ushahidi huusoma kwa karatasi na penseli. Mashine ya kuchapa ikalia kwa dakika kadhaa, ikatoa kurasa thelathini na nane zilizo moto.

Alianza kusoma pale pale, penseli mkononi, Ottar akimtafsiria. Haikuwa ngumu kama alivyotishwa. Kila neno lilikuwa limefungwa kati ya alama mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga, na alama zilisema neno ni la nani, limesikika sekunde ya ngapi, nani amelisoma na ana uhakika kiasi gani. Gudveig alijikuta anawaheshimu watu hawa. Angekuwa na mashahidi wa namna hiyo, wenye kutaja kiwango cha uhakika wao kabla hawajaulizwa, angestaafu na nywele nyeusi.

Ukurasa wa ishirini na sita penseli ilisimama.

"Ottar. Hapa pa kimya pana maneno."

Profesa alivuta karatasi. Alisoma mistari michache, rangi ikamtoka usoni, akaketi.

"Alama ya kufuta," alisema.

"Niambie polepole."

Akamwambia. Mwandishi akikata neno lake kwa kalamu, wao hawalitupi. Wanalizungushia alama ya kufuta, kuonyesha kwamba lilikuwepo na likakatwa. Neno linabaki ndani ya faili milele. Ukurasa wa wasomaji ndio umeagizwa usilionyeshe.

"Kwa hiyo mtu kataka kuficha maneno," alisema Gudveig, "akayahifadhi."

"Angeweza kuyaondoa kwa kidole kimoja." Ottar alikuwa ananong'ona. "Lakini hapa hakuna anayeondoa. Siku ya kwanza ya kazi tunawaambia, chochote ufanye, usitupe neno la mtu. Baada ya miaka kadhaa mkono wenyewe unakataa."

Gudveig aliyasoma maneno yale mara tatu. Yalikuwa ya watu wawili, mmoja akisema na mwingine akijibu. Aligonga penseli kwenye meza. Akauliza maikrofoni ilikuwa mbali kiasi gani na simu. Hatua nne, alisema Ottar, juu ukutani. Na simu ilikuwa ya waya, ya zamani, ya kubana sikioni? Ndiyo. Sasa, sauti ya mtu wa upande wa pili wa waya ingesikika kwenye kanda?

"Haisikiki. Kwenye kanda zote za Ragnfrid, akizungumza kwa simu, upande wa pili tunaandika hausikiki."

"Hapa umeandikwa."

Ottar aliinama. Majibu ya mtu wa pili yalikuwa yamefungwa kwa alama nyingine, ile ya kujaza, inayotumika pale mhariri anapoweka maneno yasiyokuwepo kwenye kanda wala kwenye karatasi. Ukijaza lazima utaje uhakika wako na chanzo chako, vinginevyo kompyuta inaligomea faili na mstari unakuwa mwekundu. Hapa uhakika uliandikwa: mkubwa. Chanzo kiliandikwa neno moja: nilikuwepo. Na msemaji alikuwa mtu wa 31.

"Mtu wa 31 ni nani?"

Kila sauti, alieleza Ottar, ni lazima iwe na mwenyewe kwenye orodha ya watu mwanzoni mwa faili. Ukitaja namba isiyokuwepo kwenye orodha, napo ni pekundu. Gudveig alifunua nyuma, ukurasa kwa ukurasa, mpaka akaipata. Mtu wa 31. Mwanamume. Umri miaka kumi na mitatu. Nyumba ya ng'ambo ya ziwa. Jina halikuandikwa.

Gudveig alitoa kwenye mkoba nakala ya faili la polisi la 1989, akafungua pale alipokuwa amekunja kona. Simu moja, kama saa kumi na mbili jioni. Aliyepiga alikosea namba. Kulikuwa na mstari chini yake aliokuwa ameupita mara kumi kwa sababu haukuwa na maana yoyote, na sasa aliusoma kwa sauti.

"Ilipokelewa na mtoto wa kiume."

Ottar alifunika mdomo kwa mkono, na Gudveig akazikusanya karatasi, akazilinganisha kingo, akajikaza kisabuni. Kwa miaka yote ya kazi alikuwa hajawahi kutamani kukosea kiasi hicho.

Audun alikuwa chumbani kwake, amevaa vidude vya masikioni, anasikiliza mvua ya mwaka 1993 na kuiandika. Alimwona Gudveig na zile karatasi, akajua. Alivivua vidude, akavikunja waya zake vizuri, akaviweka kwenye ndoano yake.

"Umechapa faili," alisema.

"Nimechapa."

"Hakuna anayechapa faili." Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeshindwa mchezo na mwenzake mzuri.

Gudveig alivuta kiti. Alimtajia haki zake kwa maneno yaleyale anayowatajia wote, akamwambia anaweza kunyamaza. Audun alisema amenyamaza vya kutosha. Alianza kwa kazi, kama watu wengi wanavyoanza. Alijiunga na hifadhi hii mwaka aliosikia kwamba makasha ya Ragnfrid yatakuja. Alikuwa anajua mwanamke yule alirekodi kila siku. Miaka tisa aliandika kanda za watu wengine akisubiri ile moja. Aprili mwaka huu ilimfikia mkononi.

"Nikamsikia," alisema. "Nilikuwa nimeshasahau sauti yake. Nikaiandika yote siku hiyohiyo, na upande wangu nikaujaza, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Nikasema nitaiacha hivyo. Atakayekuja kusoma atasoma."

"Halafu daftari likapatikana."

"Halafu Ottar akampigia mama." Alitazama mikono yake. "Angekaa pale. Nimemshika mkono. Angesikia Ingelin anamwomba mama, halafu anamjibu mtu. Angejua ni mimi kabla sekunde ya kumi haijafika. Jumanne watu walipokwenda kula nikafuta nakala, nikafuta na kanda. Kwenye faili nikaandika kimya. Nilitaka kuyatoa na maneno. Nilikaa nayo saa nzima mbele yangu, Gudveig. Sauti niliweza. Maneno nilishindwa."

Gudveig alimuuliza kwa nini alijibu vile, mwaka ule, kwenye simu. Halikuwa swali la polisi na alilijua hilo.

"Alikuwa amemliza mama tangu asubuhi. Mimi nilikuwa namwona mama analia kwenye sinki, nikasema naye apate taabu kidogo. Atembee. Baba alivuka barafu Ijumaa, na fimbo ya kupimia barafu mkononi, akasema imeshika, inabeba mtu. Jumamosi ilinyesha, na mvua huilainisha barafu. Mtoto wa miaka kumi na mitatu hafikirii mvua. Nilikaa dirishani kumsubiri nimcheke. Mpaka sasa naliota lile dirisha."

"Na polisi walipokuja?"

"Nilikuwa nimeshamwambia mama kakosea namba. Kila siku iliyopita ilikuwa ngumu zaidi kusema."

Gudveig aliandika. Alimwambia kwamba kwa lile la 1989 hakuna sheria ya nchi hii inayoweza kumgusa mtoto wa miaka kumi na mitatu, na kwamba kwa kanda atashtakiwa, kuharibu ushahidi, na atapoteza kazi. Jumatatu wapiga mbizi watakwenda Langvatn. Ziwa lile lina kina kirefu na baridi yake haiachii kitu, kwa hiyo huenda bado yupo, pale kati ya nyumba mbili. Audun aliitikia kwa kichwa kila jambo kama mtu anayethibitisha anwani yake.

"Limebaki moja," alisema Gudveig. "Mama yako lazima aambiwe leo. Ama useme wewe, ama niseme mimi."

Audun alinyoosha mkono. Kisha akamwomba zile karatasi, ukurasa wa ishirini na sita na wa ishirini na saba tu.

Mama Borghild alikuwa kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya wazee, kando ya dirisha, anafuma soksi ambayo kwa ukubwa wake haikuwa ya mtu yeyote ambaye Gudveig alimjua. Mezani palikuwa na keki mbili bapa za waffle chini ya kitambaa. Aliwaona wakiingia pamoja akawaambia wakae, wale kabla hazijapoa, na Audun wewe umekonda. Gudveig alikaa karibu na mlango. Waffle hakuigusa.

Audun alipiga magoti kando ya kiti cha mama yake, jambo ambalo hakuna mtu mzima wa nchi ile anayelifanya, na bibi akaacha kufuma.

"Mama, ile kanda ilikuwa na sauti ya Ingelin. Sauti imepotea, haitarudi. Lakini maneno yake yapo. Niyasome?"

Mama Borghild aliweka sindano mapajani. Alisogeza nywele nyuma ya sikio, lile lisikialo.

Audun alisoma. Alisoma taratibu, alama zote akiziruka.

"Ni mimi. Niitie mama." Jicho lake liliruka mstari. "Hayupo wapi, na taa ya jikoni naiona toka hapa? Mwambie aje anichukue. Mwambie sina hasira tena, nilisema ujinga tu." Akatua kidogo, akaendelea. "Kwa miguu? Kuna baridi, wewe." Akatua tena. "Haya. Lakini mwambie aniwekee chakula."

Mama Borghild alikuwa amefumba macho. Machozi yalimtoka bila sauti, na uso wake ukalainika, ukawa wa mtu aliyeshushiwa mzigo ambao ameubeba mpaka akasahau kwamba ni mzigo. Alisema polepole kwamba mtoto hakuwa na hasira. Audun akasema hapana mama, hakuwa nayo. Gudveig aliangalia dirisha. Kwa kitambo kidogo alifikiri, na alijichukia kwa kufikiri hivyo, kwamba ingewezekana kuishia hapo.

Lakini bibi alifumbua macho.

"Umesoma wake tu," alisema. "Hapo katikati alikuwa anajibiwa. Nani alimwambia sipo?"

Audun alishusha karatasi. Hakuihitaji.

"Mama hayupo, nilimwambia. Halafu nikamwambia aje mwenyewe. Halafu nikamwambia barafu imeshika, apite hapo."

Sindano moja iliteleza kwenye gauni ikaanguka chini, na hakuna aliyeiokota. Mama Borghild alimgeukia mwanawe. Mkono wake ulinyanyuka, na Gudveig hakujua kama utapiga au utashika. Ukatua juu ya kichwa chake chenye mvi, ukabaki pale, mzito.

"Nilikuwepo," alisema bibi. "Nilikuwa naosha sufuria. Nilikuuliza nani huyo."